Namba ya Baba Haigawanyiki

Welkom, 6 Machi 1983

Dada Keneuoe,

Nakusalimu wewe na Mama. Natumaini goti lake limepata nafuu, na kwamba mahindi hayakupigwa na mvua ya mawe kama mwaka jana. Sisi huku wazima. Mke wangu anauliza kama blanketi alilomtumia Mama lilifika, au dereva wa basi amelivaa yeye. Lineo ameanza shule na tayari anamsahihisha mwalimu wake, kwa hiyo ujue amemfuata shangazi yake.

Habari yangu kubwa ni kwamba nimetoka stoo ya vipuri. Tangu Januari niko ofisi ya kumbukumbu za wafanyakazi, hapa hapa mgodini. Kazi ni kupanga kadi na kupiga chafya. Mkubwa wangu, Mzee Phakoe, amekaa humo miaka thelathini, na mavumbi hayamshtui tena.

Nimejifunza jambo litakalokufurahisha. Kila mfanyakazi hupewa namba ya tarakimu nane, kumbe zilizo zake ni saba tu. Ya nane huwekwa kama mlinzi, ili namba nzima igawanyike kwa kumi na moja bila kubaki kitu. Ikishindikana, namba hiyo inarukwa. Kupima ni rahisi: unajumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, halafu unajumlisha zilizobaki. Jumla mbili zikilingana, au zikipishana kwa kumi na moja au mafungu yake, namba ni nzima. Karani akikosea tarakimu moja, au akizibadilisha nafasi mbili zilizo jirani, hesabu inakataa palepale.

Nikaijaribu ya baba, ile iliyokuja kwenye barua ya kifo chake mwaka 1958, uliyonifundisha kuiimba tukichota maji. 67867967. Jumla ya kwanza ishirini na saba. Ya pili ishirini na tisa. Imekataa. Nimerudia mara tatu. Hesabu ziliniacha darasa la sita, kwa hiyo niambie nimekosea wapi.

Mdogo wako,
Lebusa


Ha Lepheana, 29 Mei 1983

Mdogo wangu Lebusa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu na kwa Lineo. Barua yako ilifika mwezi ule ule wa Machi, kwa hiyo sina cha kusingizia. Blanketi limefika. Mama amelishika, amelinusa, amesema ni zuri mno kuvaliwa, amelifungia sandukuni. Analala na lile la kahawia lenye matobo.

Theluji imekaa wiki mbili sasa mlimani juu, na watoto wanakuja shule wamefunga miguu kwa magunia. Mbaazi tulivuna debe tatu. Ng'ombe mweupe amezaa ndama dume, na Mama amemnunia kwa kuwa alitaka jike.

Kuhusu kumi na moja, hukukosea kujumlisha. Itakuwa sheria hiyo ilianza baada ya wakati wa baba. Usijisumbue nayo.

Unajua Mama huniomba nimsomee barua zako kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sehemu hiyo niliiruka. Ukiwa na jambo kama hilo, liandike kwenye karatasi ya peke yake.

Dada yako,
Keneuoe


Welkom, 19 Juni 1983

Dada,

Hatujambo. Lineo ana mafua, mama yake ana mafua, na mimi yananinyemelea. Mpe Mama pole ya ndama.

Hii ndiyo karatasi ya peke yake.

Sheria ilianza mwaka 1949. Baba alisajiliwa 1955. Nimetoa kadi mia mbili za miaka ile, nikazijumlisha moja moja wakati wa chakula cha mchana, na zote zinakubali. Mzee Phakoe aliniona akaniuliza natafuta nini. Nikamwonyesha namba yetu bila kumwambia ni ya nani. Akaitazama kidogo tu, kama mtu anayepewa noti bandia.

"Huyu si mtu," akasema.

"Ni nini?"

"Ni kosa la kalamu. Au ni mwongo. Humu ndani mtu asiyegawanyika kwa kumi na moja hajawahi kuzaliwa."

Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Dada, ile barua yenyewe iko wapi? Si ile namba uliyoinakili daftarini, nasema karatasi iliyotoka mgodini. Naikumbuka ilikuwa na muhuri wa zambarau. Ukinitumia, nitajua yote kwa dakika tano.

Lebusa


Ha Lepheana, 7 Agosti 1983

Lebusa,

Salamu kwenu. Natumaini mafua yamewaachia. Huku baridi imevunja bomba la shule, na sasa maji tunachota kisimani kama zamani. Mama yuko vizuri, goti tu.

Naona unaniuliza kama vile mimi ni mshitakiwa, kwa hiyo acha nikueleze ninachokijua kwa hakika. Namba ile ni tasa. Haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa moja na yenyewe. Hilo sikuambiwa na mtu. Nilipokuwa chuo cha ualimu nililifanya kwa mkono wangu, miaka miwili, kila Jumamosi wenzangu walipokwenda kucheza mpira. Nilijaribu mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, nikaendelea na kila namba tasa mpaka 8237, kwa sababu inayofuata, ukiizidisha kwa yenyewe, tayari umeipita. Ni migawanyo elfu moja na thelathini na nne. Kila mara kilibaki kitu. Kwa kumi na moja ilibaki mbili, nalikumbuka daftari na ukurasa wake. Kila mwaka huwaambia watoto wa darasa la saba: baba yangu alikufa, lakini namba yake hakuna aliyeweza kuivunja.

Sasa wewe unaniambia namba halali ya mgodi lazima ivunjike kwa kumi na moja. Na mimi nakuamini. Najikuta nina kweli mbili mkononi na hazikai pamoja. Nimekaa nazo tangu Machi.

Barua ya mgodi ililowa zamani. Haipo.

Mama aliniuliza juzi, "Lebusa kazi yake mpya ni ya nini?"

"Anapanga kadi."

"Kadi za nani?"

"Za wafanyakazi, Mama."

Akamenya kiazi kizima. Halafu akasema, "Mwambie apange za walio hai."

Tuishie hapo.

Keneuoe


Welkom, 28 Agosti 1983

Dada yangu,

Salamu kwako. Nyumbani wazima.

Siwezi kuishia hapo. Na nimekuficha jambo. Kazi hii sikupangiwa, niliiomba, na mshahara wake ni mdogo kuliko wa stoo. Nilitaka kuingia humo nimtafute baba. Nimemtafuta kwa jina tangu Januari. Akina Ramokoatsi, wenye jina la ukoo wetu, wako kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aitwaye Sekhonyana kama baba. Nilidhani nitampata kwa namba. Sasa namba yenyewe si ya mtu.

Unakumbuka watoto walivyonifanyia shuleni? "Babako hakufa, kaoa kule, ana redio na mke mweupe kwa poda." Nilikuwa narusha mawe. Halafu mwaka 1959 Mama aliondoka siku tisa, amevaa blanketi la kahawia, akatuacha kwa jirani. Aliporudi hakusema alikokwenda. Alilitoa tandiko la farasi la baba akampa mtu wa kijiji cha pili bure, na tangu siku hiyo jina la baba halitamkwi ndani ya nyumba ile. Nilikuwa na miaka kumi. Nilidhani huzuni ndivyo ilivyo.

Sasa nadhani Mama alikuja huku. Nadhani alionyesha namba, akaambiwa kile nilichoambiwa mimi. Nadhani barua ile baba aliitengeneza mwenyewe, akatunga namba ya kichwani ili asipatikane. Watoto wale walisema kweli na mimi nikawapiga mawe.

Nitakuja Krismasi. Nitamwambia Mama kwamba alijua kabla yetu sote, na kwamba sasa na mimi najua. Amebeba jambo hili peke yake kwa muda mrefu. Usimwambie lolote kabla sijafika.

Lebusa


Ha Lepheana, 25 Septemba 1983

Lebusa mdogo wangu,

Hatujambo, mipichi imechanua, na zaidi ya hapo sitakupa habari za nyumbani, kwa sababu nikianza nitazitumia kujificha tena.

Usimwambie Mama ulichoandika. Si kweli. Baba hakutunga namba. Niliitunga mimi.

Barua ilipokuja nilikuwa na miaka kumi na mitatu na ndimi pekee nyumbani niliyejua kusoma. Ilisema Sekhonyana amefariki kwa mwamba kuanguka, na mjane akifika na namba hii ataonyeshwa kaburi. Mama aliiweka chini ya godoro na akakataza isiguswe. Mimi niliichukua. Watoto walinifanyia na mimi, Lebusa, si wewe tu. Nilitaka kuwaonyesha muhuri. Niliificha kifuani, na wakati wa kurudi mto ulikuwa umejaa. Niliteleza. Nilipoifungua ilikuwa karatasi ya zambarau tupu.

Nilikaa juu ya jiwe mpaka nguo zikakauka, nikaiandika namba kwenye daftari kutoka kichwani. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, nilijiamini. Nilimwambia Mama paka ameimwagia maji barua, lakini namba nilikuwa nimeshainakili mapema. Aliniambia, "Mwanangu una akili." Mwaka uliofuata akachana ukurasa ule, akaukunja ndani ya blanketi, akaenda nao.

Alipoombwa na majirani aseme alichokutana nacho hakusema, lakini mimi aliniambia mara moja tu, tukiwa tunafua. "Wamesema hakuna mtu wa namba hiyo, hajawahi kuwepo." Nikamuuliza kama walitafuta kwa jina. "Karani amesema majina yetu kila mtu anayaandika anavyosikia. Wao wanaamini namba." Kisha akasema, "Baba yako yupo mahali anakula nyama."

Nilidhani karani ni mvivu. Nilidhani hivyo kwa nguvu zote, na nilipofika chuo nikaigawanya namba ile miaka miwili, na kila ilipokataa nilifurahi, nikaona ni uthibitisho kwamba ni namba ya kweli, namba ya mtu imara. Kumbe kila ilipokataa ilikuwa inaniambia si yake. Ilipokataa kumi na moja ilikuwa imeshasema yote, na mimi nikaendelea na nyingine elfu moja na zaidi.

Barua yako ya Machi niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini pale pale barabarani.

Sasa sikiliza. Kama nilikosea tarakimu moja tu, au nilizibadilisha nafasi mbili zilizo jirani, basi namba zinazoweza kuwa za baba ni tisa. Si kumi, si nane. Nimezipima wiki nzima. Ziko kwenye karatasi ya pili. Kama nilikosea zaidi ya hapo, sijui tena.

Dada yako, kama bado unataka kuniita hivyo,
Keneuoe


Welkom, 11 Desemba 1983

Dada Keneuoe,

Nakusalimu. Lineo amepita mtihani, wa pili darasani. Mama yake mzima. Krismasi hatutakuja, nimenyimwa ruhusa, na nakuambia ukweli kwamba sikuiomba kwa bidii.

Namba zako nilizitafuta ndani ya siku nne. Miezi miwili iliyobaki nilikuwa na hasira. Nilikuwa naanza barua nachana. Ningetaka kukuandikia kwamba imekwisha, ila haijaisha, imepungua. Halafu jana Lineo aliandika jina lake kwenye ukuta wa jikoni, kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, herufi zote zimegeuka, akaja kuniita kwa fahari nikaone. Nikakumbuka miaka kumi na mitatu, uliyokuwa nayo siku ile ya mto, ni michache kiasi gani.

Katika zile tisa, nne hazijawahi kupewa mtu. Nne ni za watu wengine, wawili kutoka Pondoland, mmoja wa Msumbiji, mmoja simjui. Ya mwisho niliyoijaribu ni 67867976. Ulizibadilisha mbili za mwisho, Dada. Nadhani najua kwa nini: inaanza na sitini na saba, kwa hiyo ukaimalizia na sitini na saba.

Kadi inasema: Ramagwatsi, S. Ndiyo maana sikumpata kwa jina. Alizaliwa Ha Lepheana. Alifariki tarehe 2 Februari 1958, mwamba. Kaburi safu ya tisa.

Nilikwenda. Kuna kibao cha chuma chenye namba tu, hakina jina. Utanicheka, lakini kabla ya kuvua kofia niliijumlisha. Ishirini na nane, ishirini na nane. Halafu sikujua nifanye nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa baba aliyetukimbia. Huyu mwingine sikuwa nimejiandaa naye, na nilisimama pale kama mtu aliyeingia msiba wa nyumba isiyo yake.

Kuna kitu kingine kwenye kadi, nilitaka kukificha, nimeona tumeshafichana vya kutosha. Chini kabisa, kwa wino, karani ameandika: Mjane aliandikiwa. Hakufika.

Utamwambia Mama wewe. Mimi siwezi.

Mdogo wako,
Lebusa


Ha Lepheana, 15 Januari 1984

Mdogo wangu,

Salamu kwenu, na hongera kwa Lineo. Sisi tumeona mwaka mpya. Mvua imekuwa nzuri, mahindi yananifika kifuani.

Nimemwambia. Tulikuwa tunachambua maharage asubuhi. Nilisema, "Mama, namba uliyokwenda nayo mgodini niliiandika mimi."

"Najua. Nani mwingine humu alijua kuandika?"

"Niliiandika vibaya."

Akaendelea kuchambua. "Vibaya kiasi gani?"

"Mbili za mwisho zilibadilishana nafasi."

"Mbili tu?"

"Mbili tu."

Akataka kuziona. Nikachora kwenye majivu, 67 hapa, 76 pale. Aliinama akazitazama muda mrefu, mara huku, mara kule. "Mbona ni zile zile," akasema. Nikajaribu kumweleza na nikashindwa, mimi niliyefundisha hesabu miaka kumi na tisa. Nikamwambia tu kwamba baba alikufa siku ile barua iliyosema, kwamba ana kaburi, na wewe umesimama juu yake.

Akasema polepole, si kwangu, "Basi miaka ishirini na minne nilikuwa namkasirikia nani?"

Alitoka akaenda zizini, akakaa na yule ndama. Siku tatu hakunisemesha. Chakula nilichopika alikula, sahani aliosha mwenyewe. Mimi darasani nilikuwa naandika ubaoni nasahau nilichotaka kuandika. Namba ile bado ni tasa, Lebusa. Nimeipima tena, sikukosea. Ni tasa na si ya mtu yeyote, na miaka yote nimewaonyesha watoto fahari ya kosa langu, na ya baba yenyewe inagawanyika kwa mbili, mtoto wa darasa la pili angeivunja kwa vidole. Sijui nitawaambia nini mwaka huu.

Siku ya nne alinijia na barua zako zote. Akasema nisome, na safari hii nisiruke. Kumbe alijua. Nikasoma mpaka Hakufika. Akaniambia nirudie neno hilo. Nikarudia.

Akafungua sanduku, akavaa blanketi jipya la wifi, akakaa mbele yangu, akasema nichukue kalamu. Maneno yanayofuata ni yake, sijayagusa.

"Lebusa. Mwambie huyo mzee wa kadi aandike. Nilifika. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi. Nilisimama dirisha la tatu tangu walipofungua mpaka walipofunga, na kesho yake tena. Karani alikuwa na masharubu mekundu na hakuniangalia usoni. Nilikuwa na mkate kwenye fundo la blanketi, sikuukata, kwa sababu niliutunza wa kaburini, na sikujua kama huko mtu anaruhusiwa kula. Nilirudi nao mpaka nyumbani. Aandike hivyo kwenye kadi hiyo hiyo. Na neno lile la kwanza, Hakufika, asilifute. Aache yote mawili, wanaokuja wayasome."

Dada yako,
Keneuoe